Usiache Mbachao: Tivii ya Babu Ilivyookoa Kazi ya Dada

Wahenga walinena, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, lakini huo si wako, unapita tu na mwenyewe. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, tukaitia katika insha mara nyingi hata ikatuishia ladha. Mimi niliijua maana yake mwaka wa 2025, na aliyenifundisha hakuwa mtu. Ilikuwa ni runinga kuukuu iliyoko nyumbani kwetu Langoni.

Kabla sijaendelea, naomba radhi kwa wakubwa wa chama chetu cha Kiswahili. Mwalimu wetu hutaka tuseme runinga, tarakilishi na kipakatalishi. Nayakubali maneno hayo na kwenye mtihani nitayaandika. Lakini nyumbani kwetu tunasema tivii, kompyuta na laptopu, na kisa hiki ni cha nyumbani. Basi nitayachanganya, na wewe msomaji utanielewa.

Tivii ninayoisema ni ile ya kichogo. Mbele ina kioo kilichovimba kidogo, nyuma imetokeza kama mtu aliyebeba mtungi. Siku hizi nyumba nyingi za mtaani zina tivii bapa zinazotundikwa ukutani kama picha. Watoto wa jirani wakija kwetu huicheka yetu. Mmoja aliwahi kuuliza kama ndani yake mnalala kuku. Sisi tulizoea, tukawa tunacheka nao.

Lakini Babu hacheki. Babu alikuwa baharia. Ujanani mwake alikuwa akipakia boriti za mikoko hapa Lamu na kuzipeleka Uarabuni kwa jahazi. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje, na mabaharia wengi wakabaki bila ya mizigo. Babu akaenda Ghuba kutafuta kibarua bandarini. Aliporudi mwaka 1994 alishuka gatini na masanduku mawili na tivii moja ya inchi 21. Masanduku yamekwisha kuliwa na mchwa. Tivii ipo. Kila jioni, baina ya magharibi na isha, Babu huketi juu ya jamvi akatazama taarifa ya habari ya saa moja, na wakati huo hata paka hapiti mbele yake.

Mwaka 2015 tivii hiyo nusura ife. Mwaka huo Kenya ilizima matangazo ya zamani ya analojia, tukahamia dijitali. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita. Watu wakasema tivii za kichogo sasa ni masanduku matupu. Baba akanunua king'amuzi, akakiunga kwa nyaya tatu zenye vichwa vya rangi, mmoja njano, mmoja nyeupe, mmoja nyekundu, na Babu akaendelea na habari zake kama kawaida. Ishike hiyo habari ya king'amuzi, msomaji, maana tutairudia.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Dada yangu mkubwa yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu. Mwezi wa Juni alirudi nyumbani kumalizia utafiti wake juu ya mikoko. Amechagua mambo ya kwetu hasa, kwani zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii ya Lamu. Alikuwa na madaftari manne ya maelezo aliyoyakusanya kwa wakataji, na nusu ya ripoti ilikuwa imeandikwa ndani ya laptopu yake. Zilibaki siku kumi na sita aitume kwa msimamizi wake. Asipoituma, hamalizi pamoja na wenzake. Itambidi angoje mwaka mwingine, na mwaka mwingine maana yake ni karo nyingine.

Basi bwana, ajali haina kinga. Pale Mokowe, wakati wa kuingia botini, gunia la viazi liliteleza kutoka begani mwa hamali likaangukia begi lake. Alipofika nyumbani akaifungua laptopu, kioo kilikuwa kimepasuka pande zote kama utando wa buibui. Nyuma ya nyufa ni giza tupu, kwenye pembe moja tu ndipo palipobaki mistari ya rangi. Lakini mashine yenyewe ilikuwa hai. Tulisikia feni yake ikizunguka, na taa ndogo ya pembeni ilikuwa ikiwaka. Ilikuwa kama mtu mzima aliyefunikwa macho.

Dada hakulia. Alikaa tu, mkono shavuni. Fundi mmoja wa Mombasa alipopigiwa simu alisema kioo kipya pamoja na kazi ni shilingi 9,500, na kitachukua wiki mbili. Kwanza pesa hizo hazikuwapo. Mwezi wa Juni ni msimu wa kusi. Bahari huchafuka, mashua nyingi hukaa pwani, na baba yangu ni mvuvi. Msimu huo sisi hula kwa hesabu. Pili, wiki mbili katika siku kumi na sita unabakiwa na nini?

Utasema, mbona asiende saiba? Alikwenda siku mbili. Saiba hulipisha kwa dakika na hufungwa usiku, na mtu anayeandika ripoti hutumia nusu saa nzima akifikiri bila ya kugusa kitufe. Kufikiri nako kunalipiwa! Mbona asiazime kwa rafiki? Alijaribu, lakini wenzake nao walikuwa wakiandika ripoti zao. Hapo ndipo mimi nilipoitazama tivii ya Babu, nikamwambia dada, "Kioo si hiki hapa?"

Dada alinitazama kama nimesema upuzi. Lakini nilikuwa na sababu. Laptopu ina tundu dogo ubavuni linaloitwa HDMI, na shuleni nimemwona mwalimu wetu wa kompyuta akiliunganisha kwa waya na projekta, tukaona kila kitu ukutani. Kama projekta inakubali, nikafikiri, kwa nini tivii ikatae? Shida ni kuwa nyuma ya tivii ya Babu hakuna tundu la namna hiyo. Kuna tundu la antena, na kuna yale matundu matatu ya rangi, njano, nyeupe na nyekundu. Na mbele, chini ya kifuniko kidogo ambacho sikuwahi kukiona kikifunguliwa, kuna mengine matatu kama hayo.

Binamu yetu aliyekuwa Mombasa alikwenda duka moja, jina silitaji, akaeleza shida. Muuzaji akamwuzia waya wa shilingi 500. Upande mmoja una kichwa cha HDMI, upande wa pili una vichwa vitatu vya rangi. Ukiutazama tu unasema, shida imekwisha! Waya ulikuja na basi hadi Mokowe na kwa boti hadi gatini, nami nikakimbia kuuchukua. Tukauunga. Tivii ikawa nyeusi kama chungu. Tukabadilisha matundu, tukajaribu ya mbele na ya nyuma, tukazima na kuwasha. Wapi! Siku tatu zilikuwa zimekwisha kupotea.

Kesho yake nikamwendea mwalimu wa kompyuta wakati wa mapumziko, nikamweleza. Alicheka kidogo, kisha akachukua chaki. Namshukuru sana, kwani aliyonieleza siku hiyo sijayaona katika kitabu chetu, na ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya.

Alisema waya ni njia tu, si mfasiri. Ukimpigia simu Mchina na wewe hujui Kichina, hata laini iwe safi namna gani hamtaelewana. Laptopu husema dijitali. Kila nukta ya picha huipeleka kama hesabu, tarakimu baada ya tarakimu, mamilioni kwa sekunde. Tivii ya kichogo husema analojia. Yenyewe hungoja wimbi la umeme linalopanda na kushuka. Wimbi likipanda nukta inang'aa, likishuka nukta inafifia. Wimbi hilo la picha lote hupita katika waya mmoja wa njano, mwangaza na rangi zikiwa zimechanganywa pamoja. Waya mweupe na mwekundu ni wa sauti. Kanuni za HDMI zilitolewa Desemba 2002. Tivii ya babu yako ilinunuliwa mwaka 1994. Ingeijuaje lugha ambayo haijatungwa?

Kwa hiyo ule waya wa shilingi 500 haukuwa mbovu. Haukuwa na akili ndani yake, basi. Ni chuma na plastiki tu kutoka kichwa hadi kichwa. Wengi wanauziwa, alisema mwalimu, kwa sababu kwa macho unafanana na jibu.

Hapo nikakumbuka king'amuzi. Nikamwuliza, "Mwalimu, matangazo ya siku hizi si ya dijitali pia? Mbona tivii ya Babu inayaonyesha?" Akaniambia hapo nimeshika penyewe. King'amuzi hupokea dijitali kutoka hewani, hukigeuza kuwa wimbi la zamani, ndipo hukipitisha kwenye waya wa njano. Laptopu nayo inahitaji king'amuzi chake. Kipo, ni kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani. Upande mmoja kina tundu la HDMI, upande wa pili matundu matatu ya rangi, na pembeni tundu la umeme wa USB, kwani chombo kinachofanya kazi ya kugeuza lazima kile umeme. Ukiona kitu kinachoitwa kigeuzi lakini hakina pa kuingizia umeme, kitilie shaka.

Kisanduku hicho kilituletea gharama ya shilingi 1,200. Mama alizitoa kwenye pesa za mahamri, na akasema hizo ndizo za mwisho. Safari hii binamu alikagua mwenyewe, akapiga picha pande zote na kunitumia, nami nikamwonyesha mwalimu, naye akakubali, ndipo tukanunua.

Kisanduku kilipofika, kizuizi kikawa Babu. Aliniita. "Mjukuu wangu, ndoo hapa. Hiki kidude chenu kikiiua tivii yangu, mutanipa nini?" Swali lake lilikuwa la haki. Tivii hiyo ni miaka yake ya ugenini. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, kwamba umeme unaopita katika waya wa njano ni mdogo mno, kiasi cha volti moja, mdogo kuliko wa betri ya tochi; na kwamba king'amuzi chake kinafanya kazi hiyo hiyo kila jioni tangu mwaka 2015. Akanyamaza, akakigeuzageuza kile kisanduku mkononi. "Kumbe huyu ni mkalimani," akasema. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakina jina jingine. Naomba chama chetu kilifikirie neno hilo. Mimi naona linaeleza kazi ya chombo kuliko kigeuzi.

Akatoa ruhusa kwa masharti mawili. La kwanza, hakuna mtu kuifungua tivii nyuma. Sharti hilo hata mwalimu alikuwa amelitilia mkazo, na wewe msomaji ulishike. Ndani ya tivii ya kichogo ya rangi kuna umeme unaopita volti 20,000, na unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kazi yetu ni matundu ya nje tu. La pili, saa moja ni saa moja. "Taarifa ya habari saa moya," alisema, "hata huyo profesa wenu aje mwenyewe."

Tukaanza. Hewa ya chumvi ya Lamu haimwachi mtu, na matundu ya mbele yalikuwa na kutu ya kijani kidogo. Tulizima kila kitu, tukayafuta kwa kitambaa kikavu mpaka yakang'aa. Tukachomeka vichwa, njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu. Waya wa HDMI kutoka laptopu hadi kwa mkalimani. Waya wa USB kutoka laptopu kumpa mkalimani umeme. Taa yake nyekundu ikawaka. Ubavuni ana kiswichi kidogo chenye herufi PAL na NTSC. Hiyo ni mitindo miwili ya tivii za zamani. NTSC ni ya Marekani, ina mistari 525. PAL ndiyo iliyotumika Kenya na nchi nyingi, ina mistari 625. Tivii ya Babu, kwa kuwa ilitoka Ghuba, inajua yote mawili, lakini tuliweka PAL kwa sababu mistari mingi ni picha bora. Kisha kwa rimoti tukabonyeza AV hadi tukafika ya mbele.

Ndugu msomaji, ikatokea picha ya mlima wa theluji, rangi ya buluu na nyeupe! Dada akapiga kofi. Lakini furaha yetu ilikatika upesi. Palikuwa na mlima tu. Hakuna faili, hakuna mshale, hakuna chochote cha kubonyeza. Ulikuwa mlima mtupu.

Niliyafikiria hayo kidogo. Laptopu haikujua kuwa kioo chake kimevunjika. Ilidhani ina vioo viwili vizima vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, ikaweka kazi zote kwenye kile kilichopasuka, na kile cha pili ikakipa pambo tu. Dawa yake ni kushikilia kitufe chenye alama ya dirisha na kubonyeza herufi P. Hutokea orodha ya njia nne. Ya kwanza ni kutumia kioo cha kompyuta peke yake, ya pili vioo vyote vionyeshe kitu kimoja, ya tatu kupanua, ya nne kutumia kioo cha pili peke yake. Orodha yenyewe ilikuwa inatokea kwenye kioo kilichokufa, kwa hiyo ilibidi tuende kama kipofu anayehesabu ngazi. Sisi tulikuwa kwenye ya tatu. Mshale wa chini mara moja, kisha kitufe cha kuingiza. Kioo kikawa cheusi, tukashika pumzi. Kisha mafaili yote ya dada yakajitokeza juu ya tivii ya Babu, kama samaki wanaoonekana maji yanapotoka.

Hapo tukakutana na shida ya mwisho, herufi. Zilikuwa ndogo, zimekonda na kurefuka kama minazi, na kingo zake zilikuwa zikitetemeka. Sababu yake ni hesabu. Laptopu ya dada ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Tivii ya PAL, katika mistari yake 625, ni 576 tu inayobeba picha. Ni sawa na kumimina ndoo ndani ya kikombe, nyingine lazima imwagike. Tena kioo cha laptopu ni kipana na cha tivii kinakaribia mraba, ndiyo maana kila kitu kilibanwa kikakonda.

Mwalimu alikuwa amenieleza kuwa jambo hili si geni duniani. Miaka ya 1980 watu wengi majumbani hawakuwa na vioo vya kompyuta. Kompyuta kama Commodore 64 na ile ya Uingereza iitwayo ZX Spectrum, zote za mwaka 1982, ziliungwa kwenye tivii ya sebuleni. Waliozitengeneza waliyajua mapungufu ya tivii, kwa hiyo Commodore 64 iliandika herufi 40 tu katika mstari mmoja, na ZX Spectrum herufi 32. Herufi chache, kubwa, zinazosomeka. Na sisi tukafanya kama wazee hao. Tulishusha nukta hadi 1280 kwa 720, tukakuza ukurasa hadi maneno sita au saba yakajaza mstari. Tivii huila pia kingo za picha, kwa hiyo ule ukanda wa chini ulifichika nusu. Dada akaipunguza dirisha la kazi ili isogee katikati. Ikawa inasomeka. Haikuwa nzuri, lakini inasomeka.

Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Baada ya alfajiri hadi adhuhuri, dada. Mchana tivii inapumzika, maana huwa moto. Magharibi hadi isha, Babu. Baada ya isha hadi saa sita za usiku, dada tena. Hakukuwa na haja ya kuchomoa waya, kwani king'amuzi kiko matundu ya nyuma na mkalimani yuko matundu ya mbele. Ni kubonyeza rimoti tu. Dada aliketi mita mbili hivi kutoka kwenye kioo, laptopu ikiwa juu ya kibao cha mbuzi alichokitandika kitambaa, na kila nusu saa alifumba macho dakika chache, kwani mwanga wa tivii hizi hutetemeka mara 50 kwa sekunde na huchosha.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Kwa vile herufi zilikuwa kubwa kama za tangazo la dukani, ripoti ya dada ikawa haina siri. Kila aliyepita sebuleni aliisoma. Mama alisoma akikuna nazi. Mimi nilisahihisha tahajia. Na Babu, ambaye kitabu hakioni hata kwa miwani, aliweza kuisoma akiwa kwenye jamvi lake.

Usiku mmoja dada alikuwa anaandika sura ya ukubwa wa miti inayokatwa. Babu alikuwa amelala, au sisi tulidhani amelala. Mara akasema, "Hapo umepotea." Dada akageuka. "Umeandika mazio ni manene kuliko boriti. Nani amekwambia?" Akainuka, akaja hadi mbele ya kioo, akaanza kuhesabu kwa vidole. Fito ndiyo nyembamba. Kisha pau. Kisha mazio. Kisha boriti. Kisha nguzo. Kila moja na kazi yake nyumbani. Akanyoosha mkono juu, akatuonyesha boriti za dari yetu wenyewe. Kisha akaendelea na miti yenyewe, upi ni mkoko, upi mchu, upi mkandaa, upi msinzi, upi unapenda matope ya mbele na upi hukaa nyuma karibu na nchi kavu, upi unafaa kwa mashua na upi ni kuni tu. Aliyataja mambo ya jahazi, namna boriti zinavyopangwa tumboni mwa chombo ili kisilale upande.

Dada alikuwa akiandika huku machozi yakimlengalenga. Alizunguka miezi mitatu kutafuta watu wa kuwahoji, akapanda boti hadi vijiji vya mbali, na shahidi mkubwa alikuwa amelala nyuma yake. Si kwamba alimdharau. Babu hapendi kuzungumza habari za kazi iliyomtoka mwaka 1982, na sisi tulijifunza kutomwuliza. Ila alipoyaona maneno yake mwenyewe yameandikwa juu ya tivii yake mwenyewe, tena yamekosewa, alishindwa kunyamaza. Nina hakika kama laptopu ingekuwa nzima, dada angeandikia chumbani peke yake, na lile kosa lingekwenda hadi kwa msimamizi.

Kuanzia usiku ule ratiba ilivunjika. Babu alikuwa akimaliza isha anarudi haraka kuuliza, "Mumefika wapi?" Siku mbili mfululizo hata taarifa ya habari aliisamehe. Sijawahi kuona jambo kama hilo maishani mwangu.

Ripoti ilitumwa siku moja kabla ya mwisho, kwa intaneti ya simu ya Mama. Jina la Babu limo katika ukurasa wa shukrani, na jina la pili ni la mwalimu wetu wa kompyuta. Msimamizi aliirudisha na marekebisho machache tu, na kando ya ile sura ya boriti aliandika kuuliza habari hizi nzuri zimepatikana wapi. Dada amemaliza pamoja na wenzake. Kioo kipya kilinunuliwa mwezi wa Oktoba, kusi ilipokwisha na samaki wakarudi. Mkalimani yuko bado kwenye droo, amefungwa katika mfuko wa plastiki ili chumvi isimfikie.

Wenzangu, nina nasaha tatu kabla sijatia nanga. Kwanza, kabla ya kununua waya wowote, uliza chombo hiki kinasema lugha gani na kile kinasikia lugha gani. Kama lugha ni moja, waya unatosha. Kama ni mbili, tafuta mkalimani. Pili, laptopu yenye kioo kilichopasuka si mzoga. Msiwape wanunuzi wa vyuma chakavu kwa shilingi mia mbili; mara nyingi kilichokufa ni kioo tu, na majumbani kwetu kuna vioo vingi vimekaa bure. Tatu, kama mna mzee nyumbani, iandikeni kazi yenu kwa herufi kubwa. Mwekeni aione. Huenda analo jambo, na hangoji ila kukosewa ndipo aseme.

Hapo natia nanga.

Mwanachama, Kidato cha Tatu